Usipige Jipsamu Kwenye Bati: Studio ya Nyumbani Ndani ya Kontena, Joubert Park

Fundi atakayekuja kutazama kontena lako atakuambia kazi ni ndogo: bodi za jipsamu, boksi la skrubu za kujitoboa, drili, basi. Bodi inashikwa moja kwa moja kwenye chuma, inapigwa skimu, inapakwa rangi, unaingiza maiki. Chumba kitapendeza kweli. Sauti itatoka vilevile na kuingia vilevile, na honi ya teksi ya Noord Street utaikuta katikati ya ubeti wa pili wa wimbo wako.

Jipsamu yenyewe haina ubaya. Kwa bei yake ni vigumu kupata kitu kizito, bapa na kinachohimili moto kama hiyo. Ubaya uko kwenye namna ya kuifunga. Ukiikaza juu ya chuma umetengeneza ukuta mmoja mnene kidogo, wakati unachohitaji ni kuta mbili zisizogusana.

Ninaandika nikimfikiria Mswahili wa Joubert Park, Mtanzania au Mkongomani wa Bukavu au Lubumbashi, mwenye kompyuta, spika mbili, maiki moja ya maana, na kontena la futi 20 aliloliweka uani au alilokodi kwenye kiwanja cha mtu. Majengo ya mtaa wenyewe ni maghorofa ya zege na matofali, lakini chuma si kigeni katikati ya Johannesburg. Pale Newtown, jengo la Mill Junction limepandishiwa makontena juu ya maghala ya zamani ya nafaka na kuwa mabweni ya wanafunzi tangu 2014. Kule Maboneng, jengo la Drivelines Studios la 2017 limejengwa kwa makontena 140. Aliyeko Temeke, Kayole au Goma na chumba chake cha mabati atafaidika pia, ila nina neno lake la pekee huko mbele.

Kwanza jua ni sauti ipi inayokusumbua. Joubert Park haina saa ya ukimya. Stendi ya teksi za Noord iko pale pale, na treni za Park Station ziko upande wa kusini. Hata jumba la sanaa alilolichora msanifu majengo Edwin Lutyens, lililofunguliwa 1915 ukingoni mwa bustani, limeelekeza uso wake relini na kuipa bustani mgongo. Ongeza wauza nguo wenye vipaza sauti, na Jumapili makanisa ya ghorofani. Habari njema ni kwamba honi, filimbi na maneno ya watu ni sauti za kati na za juu, na hizo ukuta uliojengwa vizuri unazizuia bila shida kubwa. Kwa hiyo ukitaka chumba cha kurekodi sauti ya mwimbaji, jambo hilo linawezekana na litakuridhisha.

Habari mbaya ni ya besi. Ile ngoma nzito ya amapiano, au besi ya sebene, inakaa kati ya hezi 40 na 100 hivi, na mawimbi yake ni marefu kuliko kontena lenyewe lilivyo pana. Ukitaka kupiga spika kubwa saa 7 usiku na jirani wa ghorofa ya pili asisikie, hesabu yake ni nyingine na mfuko wake ni mwingine. Mimi ningesema: jenga kwa ajili ya maiki, na usiku changanya muziki kwa hedifoni.

Sasa hesabu yenyewe, nayo si ngumu. Chuma cha ubavuni mwa kontena kina unene wa milimita 1.6 hadi 2, yaani kilo 12 hadi 16 kwa mita ya mraba. Bodi moja ya jipsamu ya milimita 12.5 ina kilo 9 hivi kwa mita ya mraba. Ukiibandika bodi hiyo juu ya chuma umeongeza uzito kwa zaidi ya nusu, na kwa kanuni ya uzito hilo linakupa desibeli 4 tu za ziada. Sikio linazitambua kwa shida. Ukipigilia vipapi vya milimita 25 kwanza halafu bodi juu yake, kama mafundi wengi wanavyopenda, umeacha hewa nyembamba katikati ya sahani mbili, na hewa hiyo inafanya kazi ya springi. Sahani mbili zenye springi katikati zina mdundo wake wa asili. Kwa vipimo hivyo mdundo huo unaangukia karibu hezi 160, na katika eneo hilo ukuta unapitisha sauti nyingi kuliko hata ungeuacha chuma kitupu. Hapo ndipo ilipo sauti ya chini ya mwanamume anayeimba.

Weka badala yake nafasi ya milimita 100 na bodi mbili zilizopandana, na mdundo huo unashuka chini ya hezi 70. Juu ya hapo kuta mbili zinaanza kukusaidia kweli, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo zinavyozuia zaidi. Kitu kinachonunua ukimya ni hewa nene, na uzito pande zote mbili.

Kutokana na hesabu hiyo kuna sheria moja ambayo mafundi wengi hawaijui: sahani mbili, zisiwe tatu. Ukikuta kontena limeshafungwa plaiwudi au jipsamu kwa ndani na mpangaji aliyepita, usijenge ukuta wako mbele yake. Utapata chuma, hewa nyembamba, plaiwudi, hewa nyingine, jipsamu. Springi mbili badala ya moja, na besi itapita vizuri kuliko kabla hujatumia fedha. Bomoa ya zamani mpaka uone chuma. Vilevile usifunge bodi kwenye mgongo wa fremu yako mpya, upande unaotazama chuma. Bodi zote zikae upande wa ndani ya chumba.

Kabla ya kununua chochote, ingia ndani mchana wa jua kali, mtu akufungie milango kutoka nje, usimame gizani dakika chache macho yazoee. Kila nukta ya mwanga utakayoiona ni tundu la maji. Zizungushie chaki. Mvua za majira ya joto za Johannesburg huja alasiri kwa kishindo, mara nyingi na mvua ya mawe, na tone linalopenya nyuma ya jipsamu hulioni mpaka karatasi ya bodi iote ukungu. Safisha kutu kwa brashi ya waya, ziba matundu, paka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje. Sakafu ya kontena ni plaiwudi ya milimita 28 hivi, nayo kwa kawaida imetiwa dawa ya kuua wadudu kiwandani. Usiikwangue wala kuipiga msasa, ifunike tu.

Kisha fremu. Kwenye duka la vifaa watakuelekeza kwenye nguzo za bati jepesi zinazotumika kugawa vyumba vya ofisi, za milimita 63.5. Ni nzuri, ila zimekusudiwa kusimama zikiwa zimebanwa juu na chini. Ukuta wako haubanwi juu, maana hautakiwi kuligusa kontena, na bado utabeba dari yenye bodi mbili. Kwa hiyo nenda kwenye mbao: msonobari uliopigwa muhuri wa ujenzi, 38 kwa 76 kwa nguzo za ukuta, na 38 kwa 114 kwa boriti za dari. Nguzo ziwe kila milimita 600, boriti kila 400.

Acha milimita 25 kati ya mgongo wa nguzo na sehemu ya chuma iliyobonyea ndani zaidi. Pima mahali hapo hasa, kwa sababu chuma cha kontena kimekunjwakunjwa, na mikunjo ya ubavuni inafika milimita 36. Ubao wa chini wa kila ukuta ulalie ukanda wa raba, ile ya mikeka mizito ya gereji inatosha, na usiupigilie sakafuni. Uzito wake utaushikilia. Kuta nne zikishaungana kwenye kona na dari ikapanda juu yake, unakuwa na sanduku linalojitegemea ndani ya sanduku jingine. Pitisha kipande cha kadibodi nyuma ya fremu kuzunguka chumba kizima. Kikikwama popote, pana mguso, na mguso mmoja wa mbao na chuma unapitisha mtetemo kama uzi kati ya makopo mawili ya simu ya watoto.

Hapo ndipo utakapogundua gharama ya kweli, ambayo ni nafasi. Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Ukitoa hewa, nguzo na bodi unabaki na upana wa mita 2.1 na kimo kisichozidi mita 2.2. Kama bado hujanunua kontena, tafuta lile refu, lenye kimo cha ndani cha mita 2.69. Tofauti hiyo ya sentimita 30 utaishukuru kila siku.

Kati ya nguzo jaza sufi ya kioo au sufi ya mwamba, ya unene wa milimita 75. Kazi yake ni kuilegeza ile springi ya hewa, kwa hiyo usiishindilie. Isiguse chuma pia. Usiku wa Juni na Julai chuma kinapoa kuliko hewa, pumzi ya waimbaji inageuka maji juu yake, na sufi iliyolowa inabaki imelowa. Vaa barakoa na glovu, mikono mirefu, na ukimaliza uoge maji ya baridi kwanza kuondoa vinyuzi ngozini. Yule atakayekuambia utumie sponji la godoro au yale maboksi meupe ya povu yanayofungiwa friji, mshukuru halafu umwache. Maboksi hayo ni makavu na mepesi, hayazuii kitu, na yakishika moto moshi wake unaua. Trei za mayai hata tusizijadili.

Sasa bodi, na hapa usiwe na haraka. Kwa kontena zima, kuta na dari, tabaka mbili, utahitaji bodi 36 hivi za mita 1.2 kwa 2.4. Kila moja ina kilo 26, watu wawili waibebe ikiwa imesimama, maana ikilala inavunjika kiuno. Afrika Kusini ukisema RhinoBoard kila muuzaji anaelewa. Taja unene, la sivyo utapewa ya milimita 6.4 ambayo ni ya dari za kawaida na ni nyepesi mno kwako. Chukua 12.5, au 15 ya kuhimili moto ikiwa mfuko unaruhusu.

Kukata: weka bodi juu ya meza uso ukiwa juu, pitisha kisu kikali kufuata rula mara moja, karatasi tu ikatike, kisha ikunje kwenye ukingo wa meza. Itakatika kwa mlio mmoja mkavu. Kata karatasi ya nyuma kwa kisu hichohicho. Msumeno unahitajika kwenye matundu tu, na vumbi lake ni jingi.

Anza na dari. Tengeneza kikongojo cha mbao chenye umbo la T, kirefu kuliko kimo cha chumba kwa kidole kimoja, kikushikilie bodi wakati unakaza. Tabaka la kwanza tumia skrubu za milimita 35, za nyuzi pana za mbao. Zile za nyuzi nyembamba ni za nguzo za bati. Tabaka la pili skrubu za milimita 50. Usitumie misumari, inachomoka polepole kwa mtetemo, na bodi iliyolegea kwenye studio inaimba kuliko mwimbaji. Ukutani skrubu zikae kila milimita 220 hivi, darini zisogeze mpaka 150, na zisikaribie ukingo wa bodi chini ya milimita 12. Tabaka la kwanza unaweza kuziweka mbali zaidi, kwani la pili litalishika.

Kina cha skrubu ndicho kinachomtenganisha fundi na mbabaishaji. Kichwa kinatakiwa kizame kidogo chini ya uso wa karatasi, karatasi ijikunje bila kuchanika. Ikichanika, skrubu imeshika unga mtupu, haina nguvu tena. Weka nyingine sentimita 5 pembeni. Drili yenye kizuio cha kina inamaliza tatizo hilo, na kukodi ni rahisi kuliko kurudia dari.

Viungo vya tabaka la pili visikae juu ya viungo vya la kwanza. Sogeza nusu bodi. Pande zote, juu, chini na konani, acha mwanya wa milimita 3 hadi 5 kabla bodi haijagusa bodi ya upande wa pili au sakafu, kisha ujaze mwanya huo kwa gundi ya akriliki isiyokauka ikawa ngumu. Fanya hivyo kwa tabaka zote mbili. Wengi huziba tabaka la juu tu kwa sababu ndilo linaloonekana. Gundi maalumu ya kuua mtetemo, inayopakwa kati ya bodi na bodi, inafanya kazi, sikatai, lakini ni ghali. Fedha hiyo mimi ningeipeleka mlangoni.

Maana mlango ndio unaoamua. Chukua ukuta mdogo wa mbele, mita za mraba nne na nusu, wenye mlango mmoja. Mwanya wa milimita 3 kuuzunguka mlango huo unatosha kuufanya ukuta wote usizuie zaidi ya desibeli 25 hivi, hata ungeujenga kwa risasi. Sauti inapita palipo wazi, kama maji. Milango ya chuma ya kontena iache mahali pake, ndiyo sahani yako ya nje. Ndani, kwenye fremu yako, weka mlango wa mbao ngumu ulio mzito, usio na uwazi katikati, uongeze bodi ya plaiwudi kama ni mwepesi, na raba ya kubana pande zote nne pamoja na kizingiti chini. Washa taa ndani, zima ya nje, simama nje utazame ukingo wa mlango. Ukiona mstari wa mwanga, raba haijabana.

Halafu fanya jambo ambalo halihusu sauti kabisa. Milango ya kontena inafungwa kwa nondo zilizo upande wa nje. Mtu akipita akazishusha kwa mchezo au kwa wizi, uliye ndani huna njia ya kutoka, na umejenga chumba ambacho kelele zako hazisikiki nje. Kila unapoingia, bawa moja likae wazi, hata kama hapo unapoteza sehemu ya sahani ya nje, na nondo yake ifungwe kufuli ikiwa katika hali ya wazi. Kama unaruhusiwa kukata chuma, mchomeleaji aweke mlango mdogo wa dharura wenye komeo la ndani.

Nasisitiza hapa kwa sababu. Tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso lililoko Marshalltown, upande wa kusini wa katikati ya jiji hili hili, liliungua usiku na kuua watu zaidi ya 70, wahamiaji wengi wakiwemo. Ndani watu walikuwa wamejigawia vyumba kwa vifaa vinavyoshika moto, na njia za kutokea zilikuwa zimefungwa. Jipsamu kwa upande huo ni rafiki: karibu sehemu ya tano ya uzito wake ni maji yaliyoshikamana na madini yenyewe, na moto lazima uyakaushe kwanza kabla ya kupita. Lakini ukiipamba studio yako kwa sponji za bei rahisi, mapazia na taa za rangi zilizounganishwa kwa waya wa kubandika, umeondoa faida hiyo yote.

Umeme, basi, si wa kujaribia. Ni volti 230 ndani ya sanduku la chuma. Mwili wa kontena uungwe na waya wa ethi, pawe na kifaa cha kukata umeme pale mtu anapopigwa shoti, na kazi ifanywe na fundi umeme aliyesajiliwa atakayekupa cheti ambacho sheria ya Afrika Kusini inakidai. Mwambie mapema kwamba soketi hazizamishwi ukutani. Kila tundu la soketi kwenye jipsamu ni dirisha. Nyaya zipite ndani ya chumba juu ya bodi, kwenye mfereji wa plastiki, na ziingie chumbani kwa tundu moja tu lililozibwa kwa gundi ileile.

Chumba kisichovuja sauti hakivuji hewa pia. Watu watatu wanaoimba ndani ya mita za ujazo 26 watachoka kwa hewa nzito kabla ya kumaliza kiitikio, na kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya, kinapoza ileile. Unahitaji njia mbili, ya kuingiza na ya kutoa, na kila moja ipite ndani ya sanduku refu la mbao lenye kona tatu au nne, lililotandikwa sufi kwa ndani na kufunikwa kitambaa. Hewa inapinda kona. Honi inachoka njiani. Feni iwe kubwa na izunguke taratibu. Na wakati wa baridi, jiko la mkaa lisiingie humo hata kwa dakika tano. Moshi wake usioonekana na usionuka unaua watu waliolala kwenye vyumba vya kawaida vyenye nyufa. Kwenye chumba chako hautahitaji muda.

Lile neno la mwenye chumba cha mabati ndilo hili. Bati la paa la nusu milimita lina kilo 4 tu kwa mita ya mraba. Hata ukiacha hewa ya milimita 100 na bodi mbili, ule mdundo wa asili unabaki karibu hezi 105, na skrubu zinazotokeza nje zitaleta maji. Kwako kinachofaa ni kuongeza uzito upande wa bati kwanza: ukuta wa tofali upande unaotazama jirani ni bora kuliko tabaka tatu za jipsamu. Paa nalo, mvua inapolipiga, halitulizwi na kitu kinachoning'inia chini yake pekee. Linatulizwa na karatasi nzito ya lami iliyobandikwa juu ya bati. Usirekodi mvua ikinyesha, hata hivyo.

Ukishamaliza yote utaingia, utapiga kofi moja, na utasikitika. Chumba kitakuwa kinavuma kuliko bafu. Ni kawaida. Kuzuia sauti isitoke na kuifanya isirudirudi ndani ni kazi mbili tofauti, na jipsamu imefanya ya kwanza tu. Tazama vipimo vyako: upana wa mita 2.1 unavuma kwenye hezi 82, kimo cha mita 2.17 kwenye hezi 79. Miwili hiyo imelaliana, kwa hiyo kila noti ya besi karibu na hapo itaruka juu. Jaza kona zote ambapo ukuta unakutana na dari kwa marobota ya sufi ya mwamba yenye unene wa sentimita 30 au zaidi, yaliyovikwa kitambaa. Nyuma ya mwimbaji na pande zake weka fremu za sufi za sentimita 10. Blanketi nzito za mitumba zinasaidia sauti za juu. Kanga ukutani ni pambo. Meza ya kuchanganyia iwekwe upande mfupi, spika zikitazama urefu wa chumba.

Mwisho ni suala la kiwanja. Pata ruhusa ya mwenye mali kwa maandishi kabla ya bodi ya kwanza, na usikubali kamwe kuliweka kontena juu ya paa la ghorofa, hata mlinzi wa jengo akisema kuna waliowahi kufanya. Likiwa tupu lina uzito wa tani 2.2 hivi. Jipsamu peke yake inakaribia kuongeza tani nzima, na ukijumlisha mbao, sakafu na milango unafika karibu tani 4. Siku ya kuhama mwambie mwenye lori la kreni uzito huo kabla hajatoka kwake, na ujiandae kuziba upya viungo vyote vya jipsamu utakakofikia.